Jiwe la Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilimpeleka nyanya yangu mtoni. Aliniomba mwenyewe, nami nilikuwa na jambo la kumwambia ambalo nimelificha tangu nikiwa na miaka tisa. Sote tulimwita Susu, hata majirani. Bodaboda ilitushusha nje kidogo ya Mitaboni, nikamshika mkono, tukateremka polepole.

Ungeujua mto ule zamani, rafiki yangu, ungenionea wivu. Mikuyu iliufunika pande zote mbili, na katikati ya msitu palikuwa na kidimbwi cha maji baridi ya kukata pumzi, chenye mchanga mweupe chini na mwamba mpana pembeni. Kila Jumamosi Susu alikwenda kufua, nasi wajukuu nyuma yake. Harufu ya sabuni ya mche, kelele zetu, na nyumbani sufuria ya isyo ikitungoja. Ni mahindi na maharagwe tu, lakini ukitoka kuogelea hata pilau ya harusi haifui dafu.

Susu alifua akiwa ametupa mgongo, kwa hiyo alikuwa na sheria moja. Ukiingia majini, unaweka jiwe lako juu ya mwamba. Ukitoka, unaliondoa. Akimaliza kufua hakutuita majina, aliangalia mwamba. Ukiwa hauna jiwe, tunaondoka. Aliyesahau kuondoa jiwe lake alikosa isyo, na hapo Susu hakuwa na huruma hata chembe.

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, msichana wa kucheka ovyo na kusahau kila kitu. Kila Jumamosi alisahau jiwe. Sikupenda kumwona akilia mbele ya sufuria, basi nikazoea kumwondolea. Naondoa langu, naondoa lake, mambo yanaisha.

Jumamosi ile nilitoka majini nikaona gauni lake halipo pale tulipoweka nguo. Nikadhani amevaa na kutangulia nyumbani, kama kawaida yake. Nikachukua mawe yote mawili. Susu akageuka, akaona mwamba mtupu, akajitwika beseni. Tulikuwa tumeshafika nyumbani alipouliza mdogo wangu yuko wapi. Gauni alikuwa ameingia nalo majini. Tulimpata nalo.

Siku ya mazishi Susu aliwaambia watu wote, "Ni mimi nilihesabu vibaya." Alimwambia mama, akawaambia watu wa kanisa, na tangu hapo hakufua tena mtoni. Mimi nikanyamaza. Nikakua, nikaoa, nikapata watoto, bado nimenyamaza.

Sasa tulipofika, hapakuwa na kidimbwi. Malori yamezoa mchanga wote hadi kwenye udongo mwekundu, mikuyu imekatwa, na maji yaliyobaki kuku angevuka bila kulowa magoti. Moyo ulinivunjika. Maji yale niliyachukia tangu Jumamosi ile, lakini nilitaka kuyakuta. Mwamba tu ndio ulikuwepo. Susu akaketi juu yake, nikamwambia kila kitu, mawe yote mawili.

Alikunja na kukunjua leso yake.

"Mwana wakwa," akasema, "mimi nilijua siku hiyo hiyo. Ulilala na mawe mbili kwa mkono. Ni mimi nilikufungua vidole."

"Sasa Susu, mbona ulisema ni wewe?"

"Ningesema nani? Wewe ulikuwa mtoto."

Akaniomba nimwinue, eti mwamba una baridi.

Hakuna maji pale sasa, hakuna kivuli, hakuna hata mchanga aliokanyaga mdogo wangu. Wanangu hawataamini kwamba tuliwahi kuogelea mahali hapo. Nimemlilia mdogo wangu miaka mingi, na mto nimeulilia pia. Lakini siku ile, tukipanda mlima taratibu, mkono wake mkavu ndani ya wangu, ndiyo mara ya kwanza nilimlilia Susu.