Tabaka ni Hapo Tu

Hapana, hiyo sikubali. Sema wazee wa huku wanaongea sana, sema wanataka kujua unatoka wapi na unaenda kwa nani, hiyo ni kweli. Lakini usiniambie ni waongo. Eti kila uliyemuuliza njia alikwambia "hapo tu", na ukafika giza limeingia na makalio yameisha kwa kiti cha baiskeli. Pole. Lakini uongo ni kitu kingine, mwanangu.

Ndiyo, nakuita mwanangu na sina mvi hata moja. Baba yako na mimi tumetoka kwa babu mmoja, kwa hivyo mimi ni baba yako mdogo, upende usipende. Na kama kichwa hakijazeeka, huu mguu umezeeka tayari. Kaa chini. Nimechoka, sitaki kuinua sauti.

Kuna siku moja haijawahi kunitoka. Boda ilikuwa imenigonga, nikawekwa chuma mguuni, na kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa kuletewa maji ya kuoga kitandani. Baba akasema baiskeli iuzwe. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anaiona imeegemea ukuta tu, kuku wanailalia. Mimi na huu mdomo wangu nikamjibu mbele ya watu: nitaufuata mto Gucha kutoka huko juu Nyamira unakoanzia mpaka Tabaka, kwa mjomba wangu anayechonga mawe. Nikifika mwenyewe, baiskeli inabaki. Nikipanda boda hata mlima mmoja, iuzwe, na sitaomba nyingine.

Mokaya, rafiki yangu tangu shule ya msingi, akasema haniachi niende peke yangu. Hakuuliza kama nitaweza. Alichukua begi langu akalifunga kwa baiskeli yake, basi.

Tuliondoka Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na mama asingetuacha tuguse hata pampu. Huko juu Gucha ni maji kidogo, unaruka bila kukunja suruali. Tukateremka nao. Mokaya alikuwa na historia yote ya bonde, aliisikia kwa babu yake. Hapa vijana wa zamani walikuwa na kambi, wanalinda ng'ombe wa ukoo. Pale watu walivusha mifugo wakikimbia bunduki za mzungu. Kila anaponionyesha, mimi naona majani chai na migomba.

"Sioni kitu," nikamwambia.

"Hata wao hawakuona kitu. Walikuwa wanakimbia."

Tulilala kwa shangazi yake karibu na Itumbe. Kesho yake tukapita Ogembo, tukavuka mto, na hapo barabara ikaanza kupanda. Unaijua hiyo milima, unatoka mmoja unaonyeshwa mwingine. Nilishuka nikasukuma. Mguu ulikuwa unatetemeka kama wa mbuzi mchanga, na nyuma yetu kuna boda anakuja polepole, hapiti, ananiangalia tu kama mwewe.

"Buda, panda," ananiambia. "Huo mguu utauacha hapa."

Mbele yetu kulikuwa na mama mzee, mkungu wa ndizi kichwani, anapanda kwa mwendo wake. Tukamfikia. Nikamwita "baba", vile tunaita mama kwa Kikisii, hilo neno linalochekesha wageni kila mara. Nikamuuliza, baba, Tabaka ni mbali?

Akaniangalia usoni, akaangalia mguu. "Ang'e," akasema. Karibu. "Hapo tu. Sukuma."

Nikasukuma. Tukapita kona, hakuna Tabaka. Nikamuuliza tena. Hapo tu. Tukapita nyumba, tukapita shamba la chai, tukapita kibanda cha kuuzia miwa. Hapo tu. Mokaya alikuwa amebeba mizigo yetu yote na jua liko kwa shingo, akachoka kuvumilia.

"Mama, tangu mtoni ni hapo tu. Hapo gani?" Akatoa simu, akasoma kwa sauti kilomita zote zilizobaki. Na akaongeza, "Na kuna mlima mwingine, mkubwa kuliko huu."

Mimi nikakaa chini. Sikuamua kukaa, nilijikuta nimekaa kwa nyasi, baiskeli imelala juu ya goti. Yule boda akazima injini. Alijua amepata abiria. Na mimi pia nilijua, mwanangu. Nilikuwa tayari nafikiria nitamwambia baba nini.

Yule mama akashusha ndizi zake.

"Wewe, nani amekuuliza?" akamwambia Mokaya.

"Nasema ukweli tu, mama."

"Ukweli gani? Huyu ni mtu wa hapa, hajui Tabaka iko wapi? Mimi nimezaliwa Tabaka, nitakosa kujua ni mbali? Mtu mguu wake unafanya hivi akiniuliza kama ni mbali, hajauliza barabara. Anauliza kama atafika. Mimi nimemwambia atafika. Wewe umemwambia nini?"

Mokaya akarudisha simu mfukoni.

"Na wewe wa pikipiki, rudi Ogembo. Abiria wako wako huko."

"Mama, unaniharibia kazi."

"Nenda uharibikiwe mbele."

Yule boda akacheka, akageuza. Mama akanigeukia mimi. Nilidhani atanipa pole. Akasema, "Simama unibebee ndizi. Shingo yangu imechoka."

Sasa utakaa vipi mama wa watu amekuomba umbebee? Nikasimama. Tukafunga mkungu kwa keria. Na unajua, baiskeli yenye mzigo unaiegemea vizuri ukisukuma, haikimbii mbele yako. Nikaiegemea. Tukaenda, yeye ameshika mkungu kwa nyuma, anaongea mambo ya wajukuu na bei ya majani chai, na hakuna aliyetaja Tabaka tena. Ule mlima mkubwa tuliupanda hivyo.

Kule juu, mahali mawe ya kuchonga yamerundikwa kando ya barabara, akasimama. "Nyinyi endeleeni. Sasa ni mteremko."

Mokaya akamuuliza, "Kwako ni wapi, mama?"

Akanyoosha mkono nyuma, chini kabisa tulikotoka. Lango lake lilikuwa karibu na kile kibanda cha miwa. Alilipita na ndizi kichwani, na hatukujua.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilishasema hapo tu. Ningeingia nyumbani ningekuwa nimekudanganya."

Mokaya alifungua ule mkungu kwa baiskeli yangu akaufunga kwa yake, akamrudisha yule mama mpaka langoni, halafu akaupanda mlima mara ya pili. Kwa hivyo na yeye usimseme vibaya mbele yangu, tutakosana. Tulifika kwa mjomba nikalala na viatu kabla hajamaliza kunisalimia. Baiskeli haikuuzwa. Ndiyo hiyo umeiegemea.

Sasa nasaha yangu ni hii. Mtu aliyechoka akikuuliza kama ni mbali, acha simu kwanza, mwangalie. Kama utaenda naye, mwambie hapo tu, na hutakuwa umedanganya. Kama huendi naye, mpe kilomita zake zote, akae kama anataka kukaa. Usimpe moyo ukiwa kivulini na soda mkononi. Wanaofanya hivyo wapo, hata huku kwetu wapo, na hao hata mimi wananikasirisha. Lakini usiwachanganye na yule mama.

Mungu akulindie magoti. Akupe breki nzuri kwenye mteremko wa Ogembo, na siku utakayoishiwa nguvu akupe mtu wa kwenda na wewe. Nenda ukalale, mimi pia nalala.

Lakini kabla hujamwita mtu mwongo tena, niambie: wewe ulishapita lango la kwenu kwa ajili ya nani?