Kambale, Kitoga na Mama Mkwe Wangu

Mwaka ule mume wangu alipunguzwa kiwandani, na kabla hatujakaa sawa mama yake akateremshwa kutoka mlimani, mgonjwa. Alilazwa hospitali, akaruhusiwa, akaja kwetu. Damu hana, miguu imevimba. Daktari alituambia jambo moja tu: huyu bibi ale. Asipokula atarudi wodini, na akirudi hali itakuwa nyingine.

Kula kwenyewe ndiko kulikuwa kazi. Maharage yalimjaza tumbo. Dagaa alisema wanamtia kichefuchefu. Nyama kwetu ilikuwa ya Pasaka, na Pasaka ilikuwa mbali, ndiyo kwanza tumepakwa majivu ya Kwaresima. Nikamuuliza, "Mama, roho yako inataka nini?"

Akasema, "Kitoga. Yule samaki mkavu, umuunge na nyanya, mchuzi mzito."

Nikashukuru Mungu. Kitoga wa kukausha sokoni yupo, na bei yake tunaiweza. Ndipo akaongeza, "Lakini angalia usiniletee kambale. Ukoo wetu hatumgusi."

Mimi kwetu ni upande wa Iringa, Morogoro nimeletwa na ndoa. Kambale nimemla tangu mdogo. Sababu ya mwiko wao niliwahi kuuliza zamani, nikajibiwa kwamba ndivyo walivyokuta. Sikuuliza tena.

Basi nikamwambia, "Sawa, mama. Nyie mnamtambuaje?"

"Nani? Kambale? Mimi nitamjulia wapi? Hata mtoni tukiambiwa ni yeye tulikuwa tunageuza uso."

Nikamgeukia mume wangu. Kwao mtu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo na yeye mwiko ni huo huo. Akainua mabega. Nyumba ile, wanaomwogopa kambale ndio wasiomjua. Nikabaki mimi.

Kambale mzima hanipi shida. Kichwa chake ni bapa, kigumu, kina vipele kama kimepigwa na mawe, na pezi lake linaanza karibu na shingo linakwenda mgongo mzima hadi mkiani. Chini nako lipo refu vile vile. Kitoga pezi lake la mgongoni ni fupi, liko mbele, lina mwiba. Nyuma yake kuna kinyama kilichosimama kama pezi, lakini ukikishika ni laini, hakina mfupa. Mkia wa kitoga una panda. Wa kambale ni duara.

Shida ni kwamba sokoni hawafiki wazima. Ilikuwa enzi za ruksa, kila mtu kawa mfanyabiashara, samaki wanatoka Kilombero kwa magunia, na baa zimeota kila mtaa. Baa zinataka vichwa kwa ajili ya supu. Kwa hiyo vichwa vinakatwa pamoja na ndevu zao, mapezi yameungua kwenye moshi, na mezani vinabaki vipande vyeusi. Wote hawana magamba. Wote wanafanana.

Muuzaji wangu alikuwa mama mnene mwenye maneno.

"Dada, huyu kitoga?"

"Kitoga."

"Na huyu?"

"Kitoga."

"Sasa kambale wako wapi?"

"Unamtaka kambale?"

"Simtaki."

"Basi wote kitoga." Wenzake wakacheka. Nikazidi kugeuza vipande, naye akasema, "Mama, unanunua samaki au unaposa?"

Nikachukua kipande cha katikati, kinene. Nyumbani nikakiroweka kwenye maji ya moto kutoa moshi. Ngozi ilipolainika nikapitisha kidole gumba mgongoni. Vimifupa vimejipanga chini ya ngozi kama meno ya kitana, mwanzo hadi mwisho. Nikageuza upande wa tumbo, navyo vipo. Kitoga hayuko hivyo.

Mume wangu alikuwa mlangoni. "Mpikie tu," akasema kwa sauti ya chini. "Hajui. Hata mimi sijui. Na katekista alipokuja jana kumwombea, si alishasema hapa hapa, haya mambo ya mwiko Mkristo hana?"

Kweli alisema. Na mimi mwiko ule siuamini. Nilikuwa nimeamka alfajiri kukaanga maandazi, nimeyatembeza, na jioni darasa la kidato cha pili la watu wazima linaningoja, ambako siku hizo nilikuwa nasinzia mbele ya mwalimu. Ilikuwa ni kutamka neno moja tu, kitoga, nikapumzike. Lakini mama mkwe hakuwa na macho mengine ya kumjua kambale isipokuwa yangu.

Nikaingia chumbani. "Mama, samaki aliyekuja ni kambale. Leo utakula mchicha."

"Si ulikwenda kununua kitoga?"

"Niliambiwa kitoga."

"Ukaamini."

"Nikaamini, mama."

Akageukia ukutani. Kambale wakamla wanangu, wao ni wa ukoo wangu, sufuria yao mbali. Yeye akamega ugali kidogo, akasukuma sahani. Nilipomshika mikono ilikuwa ya baridi. Mume wangu akatoka nje. Na mimi nilijiuliza kama sijamrudisha wodini kwa ukaidi wangu.

Kesho yake nikaliacha sinia la maandazi kwa jirani, nikawahi sokoni wakati magunia yanafunguliwa.

"Leo nataka mikia," nikamwambia yule mama.

"Mikia? Mikia wanachukua wenye paka."

"Basi nina paka."

Akanimwagia mezani. Ncha zilikuwa zimeungua, lakini umbo lilionekana. Ya duara nikaiweka kando, yenye panda nikaivuta kwangu. Nikamwomba anayoendelea kukata aiachie na kinofu.

"Paka wako anadeka," akasema, lakini akaacha.

Nikapika kama alivyotaka, mchuzi mzito. Mikia sikuitoa. Nikampelekea, nikamshika kidole nikakiweka kwenye ile panda. "Huyu ndiye kitoga, mama. Kambale hapa ni duara."

Akapapasa. "Na mgongoni?"

Nikamwonyesha palipo laini, pasipo na vimifupa. Akapapasa tena, mwenyewe, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Halafu akamega ugali, akachovya. Nyama kwenye mkia ni kidogo, mifupa mingi, ikabidi ainyonye mmoja mmoja. Nilikaa chini, mgongo kwenye mlango, kanga bado ina maji ya jikoni. Nikasali kimoyomoyo, sala fupi, ndefu sikuwa na nguvu nayo.

"Chumvi haijakolea," akasema.

Nikainuka kuleta chumvi. Niliporudi ugali ulikuwa umepungua nusu.

"Na kesho," akasema, bado ananyonya mfupa, "nyanya usizidishe hivi."