Reli Niliyoipiga Bila Amri

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika umande haujakauka, nimevaa kaptura ya kaka yangu niliyoifunga kwa kamba, na swali la kwanza nililoulizwa ni kama najua kunyamaza. Aliyeniuliza alikuwa karani wa klabu, Bwana Menezes, Mgoa mwembamba aliyezaliwa Tanga na kuletwa Arusha na kazi.

"Kedi anabeba mfuko wa fimbo, anatafuta mpira, ananyamaza," aliniambia. "Hayo mawili ya kwanza tutakufundisha. La tatu uwe umekuja nalo kutoka nyumbani."

Nyumbani ni Akheri, kwenye migomba na kahawa ya baba yangu. Klabu yenyewe haipo tena, na uwanja wake umekuwa nyumba na mashamba ya watu. Wakati wa Mwingereza ilikuwa klabu ya gofu ya wakulima wa kizungu na maofisa wa serikali. Sisi tuliingilia nyuma, kwenye banda la fimbo. Bwana Menezes aliendesha kila kitu pale, lakini naye hakuruhusiwa kuketi barazani.

Vijana mnaoona gofu siku hizi kwenye majani laini msidhani ilikuwa hivyo. Mahali penye shimo, ambapo leo pana nyasi fupi kama zulia, sisi tulikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Pale tulipaita brauni. Kila kundi likimaliza, kedi alilivuta gunia juu ya mchanga kufuta nyayo, kundi linalofuata likute pamesawazishwa. Nilifanya kazi hiyo mpaka harufu ya oili ikawa haitoki mikononi hata siku ya kanisani.

Bwana Menezes alinifundisha kanuni. Zile kubwa zilitoka Ulaya, lakini kila klabu ilikuwa na zake za mahali, na za kwetu zilitokana na Mlima Meru na mifugo. Mfereji wa maji kutoka mlimani ulikatiza uwanja kwenda kwenye mashamba ya watu chini. Mpira ukiangukia humo, uliutoa kwa mkono, ukaudondosha nyuma kupitia begani, ukajiongezea pigo moja. Ukitua kwenye alama ya kwato za ng'ombe, uliusogeza bure. Kunguru akiuchukua, uliweka mwingine palepale, ila sharti upande wa pili uwe umemwona huyo kunguru. Wazungu waligombana juu ya kunguru zaidi kuliko nilivyowasikia wakigombana juu ya siasa.

Baada ya miaka ya kubeba mifuko, nilipandishwa kuwa mwanzishaji. Huyu ndiye anayekaa kwenye kibanda karibu na shimo la kwanza, anaita wachezaji kwa zamu na kuangalia kwamba kundi halianzi kabla walio mbele hawajasogea vya kutosha. Kibanda changu kilikuwa juu ya kilima kidogo. Kando yake, kwenye mti wa mgrivea, kilining'inia kipande cha reli na nondo ya kukipigia. Reli ikipigwa mfululizo bila kukoma, maana yake ni moja: kila mtu aache kucheza na kutoka uwanjani. Ilikuwa kwa ajili ya radi. Amri ya kuipiga ilikuwa ya Kapteni wa klabu peke yake, au ya karani kama Kapteni hayupo. Mwanzishaji alikuwa mkono tu.

Kapteni wetu wakati huo alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyesema Kiswahili cha kuamrisha vibarua na hakuwa na kingine. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu asiyependa kushindwa, na watu wa namna hiyo walinitia hofu kuliko wakatili, kwa sababu hujui hasira yao itaangukia wapi.

Kila mwaka tulikuwa na mashindano ya timu dhidi ya klabu ya upande wa Moshi. Kila timu ilileta wachezaji wanane, wakacheza wawili wawili. Jozi ilitumia mpira mmoja, huyu anapiga, mwenzake anapiga, kwa zamu. Ukikosea zamu, shimo hilo umelipoteza. Jozi iliyoshinda ililetea timu yake alama moja, na mchezo wa sare uligawa alama nusu kwa nusu. Kulikuwa na kanuni mbili zaidi ambazo siku hiyo ziliniponza. Mchezo uliokatizwa na hali ya hewa na usioweza kumalizika siku ileile ulihesabiwa sare. Na timu zikilingana, kikombe kilibaki kwa aliyekuwa nacho. Moshi walikuwa nacho.

Siku ya mashindano kulikuwa na joto zito tangu asubuhi. Mchana jozi moja ya Moshi ilikuwa imeshinda, moja ya kwetu imeshinda, na mbili zilikuwa bado uwanjani, zote mbili za kwetu zikiongoza. Moja ilikuwa ya Kapteni mwenyewe. Zilikuwa zimefika mwisho wa uwanja, bondeni, nyuma ya mikaratusi mirefu. Bwana Menezes alikuwa hukohuko kama mwamuzi. Aliyembebea Kapteni mfuko alikuwa Mzee Lemburis, Mwarusha, mkubwa wa makedi wote, mtu tuliyemwamkia shikamoo hata mbele ya mabwana.

Kutoka kibandani niliuona mlima wote. Wao kule bondeni, kwa sababu ya miti, hawakuuona. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka kileleni, jeusi kwa chini, na lilikuwa linakuja upande wetu. Ndani yake niliona mwanga, halafu nikasikia mngurumo wa mbali.

Lazima niseme jambo moja hapa. Nilipokuwa mdogo, mjomba wangu alipigwa na radi kwetu Akheri akiwa amesimama chini ya mgrivea na jembe begani. Nilikuwa miongoni mwa waliomkuta. Kwa hiyo nilipoona ule mwanga, mwili wangu ulitangulia kuogopa kabla ya akili kufika.

Nilitupa jicho bondeni. Hakuna mtu aliyetoka kwenye miti. Nilijiambia Bwana Menezes atakuja mbio kuniagiza. Hakuja. Nikajiambia Kapteni atasikia ngurumo. Mwanga wa pili ukaja, na ngurumo ikaufuata upesi kuliko ya kwanza. Nilifikiria wale watu kule chini na mifuko iliyojaa fimbo za chuma. Nilimfikiria Mzee Lemburis. Pia, sitaficha, nilifikiria kazi yangu, mwanetu Eliamani, mke wangu aliyekuwa mjamzito, na sura ya Kapteni atakapouliza ni nani aliyeniruhusu. Niliishika nondo, nikaiachia, nikaishika tena.

Mwanga wa tatu ulipokuja, nilipiga. Nilipiga bila kukoma mpaka nikawaona makedi wanatoka kwenye mikaratusi wakikimbia, kisha mabwana nyuma yao, na wa mwisho kabisa Kapteni, ambaye hakukimbia.

Tukangoja. Upepo ulivuma, matone machache yakapiga bati. Kisha wingu likageuka, likateleza kuuzunguka mlima kwenda upande wa Oldonyo Sambu, na juu yetu kukabaki ukungu mweupe. Radi haikupiga hata jani la uwanja wetu. Baadaye tulisikia ng'ombe walikufa Oldonyo Sambu jioni ile, lakini sikumpata mtu aliyewaona kwa macho yake.

Kurudi uwanjani hakukuwezekana. Wageni walikuwa na safari ya gari, na barabara ya siku zile ilipopata mvua hata kidogo ilikuwa haipitiki baada ya jua kuzama. Michezo miwili ikahesabiwa sare, timu zikalingana, kikombe kikarudi Moshi. Kapteni alinipita pale kibandani bila kuniangalia. Mzee Lemburis alikuja nyuma yake, akauweka mfuko chini, akanishika bega.

"Mwanangu, nani alikuagiza?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi usimwambie mtu mpaka uulizwe," akasema, akauinua mfuko wake.

Kesho yake Kapteni aliniita. Alikuwa peke yake na alinisemesha kwa upole, jambo lililoniongezea hofu.

"Karani alikuagiza kupiga reli, sivyo?"

"Bwana, mimi—"

"Usijibu sasa. Kamati itakaa, utajibu huko. Karani akikuagiza, wewe huna kosa. Utabaki kwenye kibanda chako. Umeelewa?"

Nilielewa. Makedi wote tulijua kwamba shemeji yake Kapteni alikuwa ametoka Kenya na anatafuta kazi, na kwamba kiti cha Bwana Menezes kingemfaa.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Mke wangu alinisubiri niseme, kisha akaniuliza mwenyewe tukiwa tunachuma kahawa.

"Baba Eliamani, wakikufukuza tutaishi. Shamba lipo. Kinachokukondesha ni nini?"

Nikamweleza. Akaendelea kuchuma, kisha akasema, "Huyo Mgoa ana watoto?"

"Anao."

Hakuuliza zaidi, na hakuniambia la kufanya. Ningependa angeniambia.

Kamati ilikaa barazani. Nilipoitwa, nilimkuta Bwana Menezes amesimama pembeni, kofia mkononi. Sikujua kwamba alikuwa ameshahojiwa kabla yangu. Kapteni akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Nani alikuamuru kupiga?"

"Hakuna, Bwana. Niliona radi, nikapiga mwenyewe."

Wakatazamana. Mwenyekiti wa kamati, ofisa mmoja mzee wa serikali, akainama mbele. "Karani ametuambia yeye ndiye aliyekuagiza. Anasema alikupungia kofia kutoka bondeni. Sasa mmoja wenu hasemi kweli."

Nilimtazama Bwana Menezes. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Kutoka bondeni kibanda hakionekani, na kila mtu aliyewahi kucheza pale alijua hivyo. Mtu huyu aliwahi kumwondoa mashindanoni bwana mkubwa kwa kukosea hesabu ya pigo moja, na sasa alikuwa amesimama mbele yao na uongo usioweza kusimama. Nikikubali, nimemfukuzisha kazi. Nikikataa, nimemwita mwongo mbele ya wakubwa wake. Nilitafuta neno la katikati, na nililolipata ni hili:

"Kama alinipungia, Bwana, mimi sikumwona. Nilipiga kwa macho yangu mwenyewe."

Walitutoa nje. Tulisimama chini ya ukuta wa baraza bila kusemezana, kwa sababu kila neno lingesikika juu. Tulipoitwa tena, Mwenyekiti alisoma uamuzi. Karani aliachishwa kazi kwa kuwa alikiri mwenyewe kutoa amri ilhali Kapteni yupo uwanjani. Mimi niliondolewa kibandani na kurudishwa kwenye gunia na oili.

Bwana Menezes aliondoka Arusha wiki hiyohiyo na familia yake. Nilifika stendi ya basi kumuaga, akanipa mkono, akaniambia nihakikishe watu wanaendelea kufuta nyayo kwenye brauni. Sikupata nafasi ya kumuuliza lolote. Watoto wake walikuwa wanalia.

Shemeji yake Kapteni alichukua kiti, akakikalia vibaya. Mashindano yaliyofuata yalivurugika, jozi zikaitwa bila mpangilio, Moshi wakalalamika rasmi. Ndipo Mwenyekiti alipoagiza nirudishwe kibandani. Na kwenye ubao wa kanuni za mahali, chini ya kunguru na kwato, pakaongezwa mstari: mwanzishaji akiona radi, anaweza kupiga reli bila kungoja amri. Hakuna aliyeniambia ni kwa nini. Siku niliporudi kibandani, Kapteni alikuja kungoja nimwite kwa zamu yake kama kawaida, akanisalimia kwa jina, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nilikaa kwenye kibanda kile mpaka Mwingereza alipoondoka na klabu ikakosa watu. Baadaye nilifanya kazi ya bustani za mji hadi nilipostaafu. Niliipiga reli mara nyingi katika miaka ile, na kila mara niliogopa kama siku ya kwanza. Kibali kilichoandikwa ubaoni hakikuniondolea woga, kilichobadilika ni kwamba sikungoja tena mwanga wa tatu.

Baada ya kustaafu nilikwenda Tanga kwenye harusi ya binti ya ndugu yangu. Niliuliza nyumba ya Menezes, nikaelekezwa. Alikuwa amezeeka sana, anatembea kwa kushika ukuta, lakini alinitambua kabla sijataja jina. Mkewe alituletea chai. Tulizungumza juu ya watu waliokufa, kisha nikamuuliza lile lililonisumbua miaka yote.

"Bwana Karani, kwa nini ulisema uliniagiza?"

Aliweka kikombe chini taratibu.

"Unadhani nilitaka kukuokoa," akasema.

"Ndivyo nilivyodhani."

"Mimi niliiona ile radi, Anaeli. Miti haikuficha kila kitu. Niliiona ya kwanza, nikaiona ya pili. Nilikuwa nimeshika bendera ya shimo, mlingoti wake ni wa chuma, na Kapteni alikuwa anajiandaa kupiga. Nilitaka kusema tutoke. Nilimwogopa, nikanyamaza. Nilisimama pale nimeishika ile bendera, nangoja kufa, kwa sababu ya kumwogopa mtu asinikasirikie." Alipumua. "Ndipo nikaisikia reli. Sasa wangeniuliza nani aliyetoa amri, ningesemaje? Amri ilikuwa ya Kapteni, lakini mimi nilikuwa mwamuzi; ilikuwa kazi yangu kumwambia aitoe."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aliketi. Nadhani hata yeye alikuwa halijui jambo hilo. Alimwangalia mumewe muda mrefu, kisha akanigeukia, akanimiminia chai kikombe kikajaa hadi ukingoni, kama anayelipa deni.