Foksglavu Chini ya Mtungi

Tuliporudi Juba kutoka Uganda, vita vilipotulia, watu walibeba cherehani, baiskeli, hata milango. Mke wangu alibeba kopo la dawa lenye mbegu laini kama ugoro. Nilimcheka. Nilikuwa kijana mwenye ulimi mwepesi, na kucheka kulikuwa rahisi kuliko kuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua.

Zilikuwa mbegu za foksglavu, maua ya zambarau yanayoning'inia kama vikombe kwenye shina refu. Masista wa misheni, kule kwenye vilima vya baridi tulikokimbilia, waliyapanda kando ya makaburi. Kaburi moja lilikuwa la binti yetu wa kwanza, aliyeishi miezi saba. Hatukuweza kumbeba. Mke wangu alitaka kuliona ua lile mlangoni kwake, basi, hata mara moja.

Lakini Juba si mahali pa ua la baridi. Miche ya kwanza ilikauka kabla ya wiki kwisha, na ya pili vivyo hivyo. Ndipo akagundua kwamba uani kwetu, mtaa wa Munuki, pana sehemu moja yenye ubaridi: chini ya mtungi wa maji ya kunywa, uliokuwa ukivuja tone tone mchana kutwa. Akapanda pale. Yakaota majani mapana yenye manyoya, mazuri kweli.

"Mwaka wa kwanza ni majani tu," aliniambia. "Maua ni mwaka wa pili."

Nikamjibu kwamba subira huvuta heri, na mbuzi wa kula majani pia. Sijivunii.

Kwa desturi yetu, mboga iliyoota karibu na maji haina mwenyewe. Jirani akija kunywa huchuma konzi moja, kesho naye hukuletea bamia. Mke wangu aliwakataza watu kwa kusema "si mboga", basi, wakamwona mchoyo. Majani yale yana sumu, lakini mimi ndiye niliyemshauri asiitaje, nikihofia watasema tunapika uchawi.

Asubuhi moja ya mwaka wa pili tukakuta miche mitatu imekatwa majani kwa kisu. Mke wangu hakuuliza mtu. Alikimbia bila viatu hadi kwa bibi jirani, muuza siagi ya karanga, aliyezoea kuja kunywa maji kwetu kila alfajiri, akaikuta sufuria imeshaepuliwa na wajukuu wameshanawa mikono. Akaipindua mchangani.

Kumwagia mtu chakula chake!

"Malesh, samahani, binti yangu," bibi alisema kwa hasira. "Kama mimi iko mwizi, sema tu. Lakini chakula ya watoto unamwaga?"

"Ni sumu, mama. Inasimamisha moyo."

"Sasa sumu unapanda karibu na maji ya watu kwa nini?"

Mke wangu alirudi nyumbani, akapiga magoti chini ya mtungi, akaanza kung'oa. Nilimshika mkono. Niliona aibu, na nilitaka kulipia kejeli zangu zote kwa mara moja: nikamwambia nitazungusha uzio wa miba, nitalinda mwenyewe.

"Watoto hawashindwi na uzio," alisema. Akang'oa hadi mche wa mwisho, ule uliokuwa umeanza kuchomoza shina.

Bibi alikuwa ametufuata, maana alikuwa hajapata jibu lake. Nilimpa mimi. Nilimweleza habari za mtoto, vilima na kaburi, mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu yeyote Juba. Nilidhani atasema Mungu ametoa, Mungu ametwaa, kama wasemavyo wote. Badala yake aliketi palepale kwenye matope ya mtungi, akaishika mikono ya mke wangu.

"Mtoto alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Mke wangu alilitaja jina. Kisha akanigeukia, akasubiri. Tangu tuvuke mpaka nilikuwa sijalitamka hata siku moja. Nikalisema. Sauti haikutoka vizuri, nikalirudia.