Bati la Banda la Kuku

Watu wa Hanang tunakimbia. Tunapanda mlima, tunafukuza ng'ombe, tunakwenda mnadani na kurudi kwa miguu bila kumsimulia mtu. Lakini kuogelea, hapana. Ziwa Basotu ni la wavuvi na la kunyweshea mifugo, sasa mwalimu mzima wa shule ya msingi anatafuta nini mle ndani? Niliulizwa swali hilo na kila mtu tangu siku ya kwanza nilipovaa miwani ya kuogelea, na aliyeniuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni baba yangu.

Nilijifunza kuogelea nikiwa chuo cha ualimu, Mwanza. Nilipopangiwa kazi Basotu nilirudi nyumbani kuishi na baba, mimi na yeye tu, maana mama alikwisha kutangulia. Kisha vijana fulani wa Arusha wakatangaza mashindano ya michezo mitatu mfululizo: unaogelea ziwani, unatoka unapanda baiskeli kupitia mashamba ya ngano, unamalizia kwa kukimbia. Niliposikia kwamba ziwa lenyewe ni letu, damu ilinichemka. Wageni waje waogelee kwetu, sisi tusimame pembeni tukipiga picha? Nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Baba alininunia. Yeye hakujua kuogelea, na maji yaliyozidi magoti aliyaogopa waziwazi, bila aibu. "Maji yana wenyewe," alikuwa akisema. "Wewe unaingia kwa watu bila hodi."

Ugumu wa kuogelea ziwani, kwa asiyejua, ni kwenda moja kwa moja. Kwenye bwawa la hoteli kuna mstari chini unaufuata. Ziwani chini ni tope. Inabidi kila baada ya muda uinue kichwa utafute alama nchi kavu, mti au nyumba, uielekee. Mimi sikuwa na alama. Asubuhi ya kwanza nilikata maji kwa nguvu zangu zote, nikaja kutokea kwenye matete, mbali kabisa na nilikokusudia, nikiwa nimekunywa ziwa nusu. Baba aliniangalia nikijikwamua kwenye matope. Jumamosi iliyofuata aling'oa kipande cha bati kwenye banda la kuku, akakisugua kwa majivu mpaka kikawaka.

"Mimi nitasimama kwenye lile jiwe la ng'ambo," alisema. "Wewe angalia bati. Usiangalie kitu kingine."

Jiwe lenyewe lilikuwa upande wa magharibi, mimi nikianzia mashariki. Jua la asubuhi likiwa mgongoni kwangu, nilikuwa nikiinua kichwa naona mmweko mmoja mweupe kule mbele, nashusha kichwa, naendelea. Ukipotea, nilijua nimepinda, najirekebisha. Kukiwa na mawingu hatukwenda. Sijawahi kuwa na uhakika wa njia yangu, katika jambo lolote, kama nilivyokuwa nao Jumamosi zile.

Nikifika, ni matusi. Sijatoa hata miwani, baba ananishukia. "Umechelewa! Ulikuwa unafanya nini katikati?"

"Baba, nilikuwa naogelea."

"Ulikuwa umesimama."

"Baba, katikati hapasimamiki."

Ananitupia shuka la kujikausha huku ametazama pembeni, macho mekundu, yanatoka machozi, anasema ni vumbi la ngano. Palikuwa na mama mmoja wa jirani aliyezoea kusugua sufuria zake pale kando ya jiwe. Tulisalimiana tu, shikamoo, marahaba, kisha yeye huinama kwenye sufuria zake ili asionekane anasikiliza ugomvi wa watu.

Nami nilichoka kugombezwa. Siku moja nikamwambia, "Baba, nikimaliza haya mashindano mara moja tu, siingii tena majini. Nakuahidi."

"Basi umalize," alisema. "Siku hiyo nitavaa koti la kanisani nije kukupokea. Halafu na mimi nitalala kama watu."

Hilo ndilo lililokuwa deni langu kwake, kumaliza. Kushinda sikukuwaza. Wale vijana wa Arusha walikuwa na nguo za mpira za kuogelea na baiskeli nyepesi unazoziinua kwa mkono mmoja. Mimi nilitaka kufika mwisho nimkute mzee amevaa koti.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, macho yake yalizidi. Alikuwa anaona ukungu, hata chai alikuwa anaimimina nje ya kikombe. Nilimsihi aende hospitali Katesh, na safari hii hakubisha. Aliondoka Jumamosi ili Jumatatu awahi, akafikia kwa shangazi yangu, Jorodom, palepale Katesh chini ya mlima. Jumapili alfajiri mlima ukashuka.

Sitaeleza mengi. Waliokuwa Katesh wanajua, na wasiokuwepo waliona kwenye simu. Tope lilipita lilipopita, likaacha mawe makubwa kuliko nyumba pale palipokuwa na nyumba. Tuliipata miili yao, yeye na shangazi, wengine hata hilo hawakulipata, na watu wakaniambia nishukuru. Nilishukuru kwa mdomo. Tulimzika Basotu akiwa amevaa koti la kanisani. Lile bati nililirudisha kwenye banda la kuku, kwa sababu kila nilipoliona limeegemea ukuta nilihisi kuvunjika.

Mashindano yalisogezwa mbele. Yalipotangazwa tena, wenzangu kazini walidhani nimeyasahau. Nilikwenda. Niliahidi kumaliza, na ahadi kwa marehemu huna wa kumwomba akusamehe ukiivunja.

Njia ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Unaanzia mashariki, unaogelea hadi boya la rangi ya machungwa katikati ya ziwa, pale unakata kulia kuelekea kwenye mwalo wa wavuvi zilikopangwa baiskeli. Atakayechelewa kutoka majini haruhusiwi kugusa baiskeli. Walitueleza mara mbili. Niliwaelewa vizuri sana.

Filimbi ikalia, tukaingia, mateke na viwiko. Nikavumilia mpaka kundi likatawanyika. Boya nililifikia nikiwa na pumzi tele. Nikainua kichwa kutafuta mwalo, na kule mbele, upande wa magharibi, kitu kikatoa mmweko.

Sikufikiri. Ningependa kusema nilifikiri, nikachagua, lakini ni mwili tu ulioijua njia. Nilishusha kichwa nikaenda. Nikiinua, mmweko upo. Nashusha, naendelea. Nilikuwa naogelea vizuri kuliko siku zote, na nilikuwa na furaha, Mungu anajua. Mpaka mkono ukagusa mchanga.

Nikasimama. Pale kando ya jiwe alikuwepo yule mama, ameshika sufuria iliyong'aa, maji yakichuruzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Wenzako wamekata kule."

"Niliona sufuria yako," nikasema. "Nikadhani ni bati."

Aliiweka chini taratibu. "Pole, mwanangu." Kisha akasema, "Yule mzee alikuwa ananisumbua! Nikiinama tu, ananiuliza, mama, bado anaonekana? Namwambia, anaonekana. Kidogo tu anauliza tena. Jua linampiga machoni, haoni kitu. Nikamwambia mzee, geuka, utaharibu macho. Akasema akigeuka, bati halitawaka."

Nikavua miwani. "Na wewe ulikuwa unaniona?"

"Siku nyingine nilikuona," alisema. "Siku nyingine nilimwambia tu."

Mtumbwi wa waokoaji ulikuwa umefika nyuma yangu. Kijana mmoja akasema kwa upole, "Dada, muda umeisha. Panda tukurudishe." Nikamwambia anisubiri kidogo. Nikapanda juu ya jiwe, nikasimama aliposimama baba, nikageukia ziwa.

Lilikuwa jua tupu. Maji yote yalikuwa moto mweupe mpaka ng'ambo, na machozi yalinitoka kabla sijaanza kulia. Nilijua kuna watu mle ndani, waliochelewa, bado wanahangaika kuelekea mwalo. Nilikinga macho kwa mikono miwili. Sikuona hata kichwa kimoja.

"Mama," nikauliza, "bado wanaonekana?"

"Wanaonekana," akajibu. Alikuwa ameinama, anasugua sufuria.