Mkono wa Mwalimu Kipngetich

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuchekwa hadharani, na sikutaka wifi yangu Chelangat awe wa kwanza. Wanawake wa rika lake walichuma majani chai. Yeye, tangu arudi kutoka karakana ya vioo Nairobi, aliokota vioo vilivyovunjika. Sokoni Litein walimwita Mama Chupa.

Mwaka 1996, mume wangu, Mwalimu Kipngetich, alipotimiza mwaka mmoja kaburini, Chelangat aliomba kumtengenezea kaka yake ukumbusho wa kioo: mkono wake ulioshika chaki. Nilikubali, nikaalika watu Jumapili.

Aliufinyanga kwa nta ya nyuki. Kidole cha mwisho kilimshinda, hadi nikakipinda mwenyewe, kama kilivyokuwa tangu mume wangu aanguke na baiskeli. Nililia, maana ulikuwa mkono wake hasa. Chelangat akaufunika kwa plasta na mchanga, ukakauka, akauweka juu ya mvuke. Nta yote ikatiririka kwenye sufuria.

"Umemmwaga!" nikapiga kelele.

"Nta ndiyo imetoka, wifi. Mkono umebaki. Chungulia."

Nikachungulia kwenye tundu ilimotokea nta. Ndani palikuwa na utupu wenye vidole vitano.

Akaujaza utupu ule vipande vya vioo vya madirisha ya darasa la kaka yake, akauingiza kwenye tanuri la matofali. Lakini mvua ililowesha kuni, moto ukachelewa siku mbili. Vioo vilipoyeyuka, aliziba tanuri kwa udongo. "Kioo kikipoa haraka kitapasuka. Lisifunguliwe kabla ya Jumanne."

Jumapili wageni wakafika. Shemeji Aron, mkubwa wa ukoo, akashika jembe ili avunje tanuri.

"Tumeita watu watazame matofali? Au mkono umeungua kama kiazi?"

Watu wakaangua kicheko, kile kile nilichokuwa nikikiogopa. Nikaweka kiti mbele ya tanuri, nikaketi na gauni langu la kanisa.

"Chekeni tu, shemeji. Chai ipo. Mkono ni Jumanne."

Jumanne alikuja Aron peke yake. Chelangat akafungua tanuri, akavunja plasta kwa nyundo ndogo, akafuta vumbi kwa brashi. Jua likapita ndani ya kiganja. Kucha zilikuwapo, chaki ilikuwapo, na kile kidole kilichopinda, kikiwa na alama ya gumba langu, mistari yote.

Aron akavua kofia. "Hujambo, Mwalimu," akasema polepole.

Nikaweka gumba langu palepale. Kioo kilikuwa bado vuguvugu.