Kishale Kilionyesha, Mimi Sikuona

Ndugu zangu, dada yangu alipigiwa kura, akakatwa titi. Sitanii.

Nafanya kazi maabara ya hospitali, chumba cha kusoma vipande vya nyama vinavyotolewa kwa wagonjwa. Hadubini yetu ina sehemu tatu za kuchungulia, kwa hiyo watatu tunaangalia kitu kimoja kwa pamoja. Bosi wetu, tunamwita Jicho, ana kishale cha kijani mle ndani, anakisogeza kutuonyesha pa kutazama.

Siku hiyo kishale kikasimama.

"Hiyo hapo. Saratani," akasema Jicho.

Mwenzangu naye akaiona. Mimi niliona kishale.

Nikabisha mpaka nikawachosha. Utaratibu wetu, wawili wakikubaliana jibu limepatikana, na ripoti haisemi kama kuna aliyepinga.

"Daktari, seli hazijui sisi tumekubaliana nini," nikamwambia.

Akacheka. "Kwani ukweli unadhani unatoka wapi? Wanaojua wanatazama, wanakubaliana. Basi."

Jioni dada akanipigia simu akilia. Majibu yake yametoka, maabara yetu. Na siku ile tulisoma kipande kimoja tu cha titi.



Nikaenda kwake mbio, nikamweleza kila kitu, nikamsihi akapime kwingine. Alinisikiliza huku anakunja nguo za watoto.

"Kwa hiyo ninayo kweli, au mmekubaliana tu kwamba ninayo?"

Nikaokota soksi ya mtoto nikunje, akaninyang'anya.

"Wawili wanasema ndiyo. Anayesema hapana ni mdogo wangu, ananipenda. Ungekuwa wewe, na hawa watoto, ungemsikiliza nani?"

Akakatwa.

Titi likaletwa kwetu. Tukalisoma lote, kipande baada ya kipande. Safi.

Nikamkazia Jicho macho. Hata hakubabaika. Akasema uvimbe ulikuwa mdogo sana, kile kipande cha kwanza kiliuchukua wote. Na hilo hutokea kweli, ndiyo maana linaniuma. Siwezi hata kumwita mwongo.

Nikampelekea dada habari. Nilidhani atatukana, atashtaki. Akaweka mkono juu ya bandeji.

"Mdogo wangu, na wewe uliiona."

"Dada, sikuiona."

"Uliiona." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nisaidie. Sema uliiona."

Nikasema niliiona.

Sasa tumekubaliana wote.

Mimi bado naamini ukweli upo, na haungoji makubaliano ya mtu. Ila siku ukipewa majibu, kabla kisu hakijakugusa, uliza kama kuna aliyepinga. Halafu umsikilize, hata kama anakupenda.